Sweta Lililofumuliwa Mara Mbili

Mzee Ignasi Komba alianza kufuma sweta lile Jumatatu ya pili ya Kwaresima, siku tatu baada ya kusikia kikohozi cha mwanawe kikibadilika sauti. Hapo mwanzo kilikuwa kikohozi cha kooni, cha mtu aliyemeza vumbi. Ijumaa ile alfajiri kilishuka. Kilitoka chini kabisa, kwenye sakafu ya kifua, kizito, na nyuma yake ukaja ukimya mfupi wa mtu anayengoja kuona kama kimekwisha. Mzee alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja mkononi, akabaki nacho vivyo hivyo. Alikijua kikohozi kile. Alikuwa amelala nacho miezi kumi na minane, miaka hamsini iliyopita, katika wodi ya vitanda thelathini.

Mtu mwingine angegonga mlango wa chumba cha pili na kusema, "Tarsis, vaa, twende ukapime." Mzee Ignasi alivuta kapu lake kutoka mvunguni akaanza kutafuta sindano.

Tarsis alikuwa na miaka thelathini na sita. Hakuwa na mke. Alikuwa mbebaji katika ghala moja la samaki wa barafu nyuma ya bandari. Huo nao ni mji: bahari iko hapo mlangoni, na samaki anatoka ng'ambo amegandishwa kama jiwe, na watu wanamla na kumsifu. Ndani ya ghala walikuwa wabebaji kumi na mmoja na makoti matatu. Anayetoka alimvulia anayeingia, na koti likarudi ndani likiwa na jasho la mwenzake. Mtu anatoka kwenye barafu, anaingia kwenye jua la saa sita linalopasua utosi, anamaliza sigara yake, anarudi kwenye barafu.

Kwa hiyo sababu ilikuwepo, na mzee aliishika kwa mikono miwili. Baridi. Kijana amepigwa na baridi, basi.

Ujuzi wake wa kufuma ulikuwa na historia ambayo hakuna aliyeijua pale Mtaa wa Mchikichi. Alipoulizwa alisema alifundishwa na masista kwao Songea, na watu wakaridhika. Ukweli ni kwamba alitoka Songea akiwa kijana kwenda kukata mkonge Tanga, na huko huko Tanga, mwaka wake wa pili, alikohoa damu juu ya mzigo wa katani. Wakampeleka hospitali ya kifua, mbali huko chini ya mlima, mahali penye ubaridi. Siku hizo mgonjwa wa kifua kikuu hakupewa vidonge akarudi kwake. Alilazwa mpaka misimu inageuka mara mbili, akichomwa sindano kila asubuhi mpaka makalio yanakuwa magumu kama ubao. Na kwa kuwa wanaume thelathini waliokaa bila kazi huanza kugombana, manesi waliwapa nyuzi.

Aliyemfundisha aliitwa Vitalis, Mbena wa Njombe, mtu wa kitanda cha pili. Njombe wanajua sweta. Vitalis alimwonyesha ukingo, akamwonyesha mkono, na mwishowe akamwonyesha msuko, ambao haukubali haraka. Unatoa vitanzi vitatu, unavihamishia kwenye sindano ya tatu, fupi, vinangoja mbele ya kazi. Unafuma vitatu vinavyofuata. Ndipo unavirudia vile vilivyongoja, na tayari vimepishana kama nywele za mwanamke. Mistari sita, unapishanisha tena. Sindano hiyo ya tatu ilikuwa kipande cha spoki ya baiskeli kilichosuguliwa kwenye sakafu ya wodi mpaka kikawa laini. Vitalis alimwachia. Hakuwa na haja nayo tena. Alitolewa wodini asubuhi moja amefunikwa shuka.

Ignasi alitoka kwa miguu yake, amevaa sweta la misuko lenye kofia alilolifuma mwenyewe. Labda hapo ndipo kosa lilipoanzia. Sindano zaidi ya mia tano alizochomwa zilififia kichwani mwake mwaka hadi mwaka, bali joto la lile sweta alilikumbuka. Katika kumbukumbu yake ni sweta lililomponya.

Alifikia Ilala kwa baba yake mdogo. Jioni ya kwanza alikuta kikombe cha bati kimewekwa peke yake dirishani, mbali na vingine, na watoto wamekatazwa kukaa mkeka mmoja naye. Hakuna aliyemtukana. Walimwekea tu kikombe chake. Alikaa siku nne akahamia Kariakoo, akapata ukuli bandarini, na kila aliyemuuliza miaka ile alikuwa wapi alijibiwa, "Kwenye mkonge." Clotilda, mkewe, alikufa akiamini hivyo.

Nyumba aliyopanga ilikuwa ya Bi Kuruthumu, nyumba ya vyumba sita ya kizamani, iliyobaki katikati ya maghorofa kama jino la mwisho kinywani. Bi Kuruthumu alizaliwa humo. Zamani ukikohoa usiku katika mtaa ule, asubuhi watu watatu wangekuja kukuuliza umelalaje, na mmoja wao angekuja na tangawizi. Bwana afya wa manispaa alipita nyumba kwa nyumba, akichungulia mitungi na kuwakodolea macho watoto. Sasa juu yao waliishi watu wa ghorofa nane ambao hawakujua hata jina la aliye mlango wa pili, na chini ilikuwa makelele ya spika na mikokoteni tangu alfajiri. Mtu angeweza kukohoa mapafu yake yote nje pale, na mpita njia angeruka tu asikanyage.

Hata uzi wa kweli haukupatikana. Duka la nyuzi la marehemu Abdulhamid lilikuwa linauza makava ya simu. Mzee alikwenda mitumbani Karume, kwenye marundo ya kafa-Ulaya, akachagua masweta mawili ya rangi ya majivu. Alivuta nyuzi pembeni, akawasha kiberiti. La kwanza lilinuka plastiki, akalitupa. La pili lilinuka nywele zilizoungua. Hiyo ilikuwa sufu ya kondoo.

"Mzee, unanichomea mali!" muuzaji alipiga kelele.

"Nakupima wewe, siyo mali," alisema mzee, akalinunua.

Alilifumua lote, akaufua uzi, akauanika uani.

"Joto hili, Baba Tarsis!" alisema Bi Kuruthumu, aliyekuwa amekalia mbuzi anakuna nazi. "Sweta la nani? Au una wajukuu Makambako hukutuambia?"

"La Tarsis, lenye kofia. Kule ghalani kuna baridi."

"Jitu la miaka thelathini na sita unalifumia kofia! Si umtafutie mke? Mke naye anatia joto, tena hafumwi."

"Mwambie huyo, bibi!" Tarsis alidakia kutoka bafuni, anacheka. "Mwambie na mimi nimechoka kulala na redio!"

Kicheko kikageuka. Kilikatika katikati, kikashuka, kikawa kile kikohozi, na kilikaa muda mrefu. Mkono wa Bi Kuruthumu ulisimama juu ya mbuzi, nusu ya nazi kiganjani. Alimtazama Mzee Ignasi. Mzee Ignasi alikuwa anakunja uzi.

Alifuma mgongo wiki mbili, akafuma kifua kwa mwendo ule ule, misuko minne mikubwa ikipanda kutoka kiunoni hadi mabegani. Kipimo alikichukua kwenye shati la bluu la Tarsis lililotundikwa msumarini, shati la Krismasi ya mwaka juzi. Aliongeza vitanzi kumi na viwili kila upande, maana msuko unakula kitambaa. Asiyejua hilo hufuma sweta la baba likamtosha mtoto. Kila alipohesabu mstari, kikohozi cha chumba cha pili kilimkata, akaanza upya. Mwisho alijikuta anahesabu vyote kwa pamoja.

Jumatano ya Wiki Kuu alishikiza mgongo na kifua kwa uzi, akamwita mwanawe ajaribu. Tarsis aliingiza kichwa, akashusha mikono, akasimama katikati ya uani. Sweta lilining'inia. Mabega yalianguka hadi nusu ya mkono, na mbele palibaki nafasi ya kutia mto.

"Baba," alisema Tarsis, akilivuta kwa vidole viwili, "hili umenifumia mimi na jirani? Tuvae wote?"

Mzee alimtazama. Aliona mifupa miwili ya shingo, na shimo katikati yake ambalo kidole gumba kingelala.

"Nimekosea hesabu," alisema. "Uzee. Vua."

"Si naweza kulivaa hivi hivi?"

"Vua nimesema! Likipwaya halishiki joto."

Tarsis alipoondoka kwenda kazini, Bi Kuruthumu alivuta kigoda akakaa karibu na mzee, karibu kuliko kawaida yake.

"Miaka mingapi nakuona unafuma, Baba Tarsis? Ulimfumia mwanangu Shadya kofia ya arobaini bila hata kumshika mtoto. Hujawahi kukosea hesabu."

"Kila kitu kina mwanzo."

"Uzi haujakosea. Mwili ndio umepungua. Mpeleke mtoto akapimwe makohozi."

"Ni baridi, Bi Kuruthumu. Akipata kitu cha kumkinga kifua atanenepa."

"Wewe mzazi." Aliinuka, akajifunga kanga upya. "Mimi mwenye nyumba tu."

Mzee alikata ule uzi wa kushikizia, akavuta kitanzi cha kwanza. Misuko ilifunguka yenyewe, mstari kwa mstari, na uzi ukatoka umejikunja kama nywele zilizofumuliwa. Kazi ya wiki nne ilimalizika kabla ya adhana ya adhuhuri. Akaanza tena, vitanzi kumi na sita pungufu.

Masika ikapiga. Jangwani ikajaa, njia zikafungwa. Tarsis aliacha kurudi mchana; alifika jioni amelowa, akala vijiko vitatu vya wali, akasema ameshiba. Siku moja mzee aliingia chumbani kwa mwanawe kutafuta kiberiti, akakuta leso imeanikwa kwenye kichwa cha kitanda. Imefuliwa vizuri, bali katikati kulibaki kivuli cha rangi ya kutu. Watu wa nyumba ile walianika uani, kwenye kamba, leso na chupi na kila kitu. Mzee alisimama mbele ya leso ile muda mrefu. Naye kule Tanga alikuwa ameanika yake ndani.

Jioni ile aliandaa chai mwenyewe, akamkalisha mwanawe. Alikuwa ameyapanga maneno tangu alasiri. Angeanza na Vitalis.

"Tarsis."

"Naam, baba."

"Hicho kifua."

Tarsis aliweka kikombe chini haraka. "Baba, wewe usiwe kama Bi Kuruthumu. Wakijua nakohoa, kesho sina kazi. Mwenzetu Abdulrazak walimtoa getini, hata nguo zake alirushiwa. Watu wanamkimbia mpaka leo. Mimi ni baridi tu. Si wewe mwenyewe unasema ni baridi?"

Mzee alifungua kinywa. Hapo ndipo neno lilipotakiwa litoke, na halikuwa neno refu. *Mimi pia.* Alikiona kikombe cha bati dirishani, baada ya miaka hamsini bado kinang'aa.

"Nakwambia sweta litakuwa tayari wiki ijayo," alisema. "Na ukilivaa, uvae na kofia. Usiiache mgongoni kama pambo."

"Sawa, mzee wangu." Tarsis alitabasamu kama mtu aliyeachiliwa.

Wiki iliyofuata likajaribiwa, likapwaya. Safari hii Tarsis hakutania. Alisimama ameshika ukuta, akainua mikono avuliwe, kama mtoto. Na mzee, Mungu amsamehe, hakusema hata kwamba alikosea hesabu. Alilichukua, akarudi nalo chumbani, akalifumua mara ya pili. Alikuwa anayafuata maradhi kwa sindano, yakipunguza naye anapunguza, wala hakutaka kujua wanakwenda wapi pamoja.

Sweta lilikuwa limebakiza kofia na mkono mmoja wakati bajaji iliposimama mlangoni saa nne asubuhi. Ridhiwani, mbebaji mwenzake Tarsis, alishuka kwanza, shati lake lina damu, na mzee akadhani damu ni ya Ridhiwani. Tarsis alikuwa kiti cha nyuma, macho wazi, kofia ya plastiki ya ghalani bado iko kichwani.

"Shikamoo mzee. Ameanguka kwenye mlango wa chumba cha barafu," alisema Ridhiwani. "Wenzangu waliogopa kumshika. Panda twende."

Hospitalini nesi mmoja aliyevaa barakoa aliandika majibu ya mzee, kalamu yake inakwenda mbio. Jina. Umri. Mtaa. Kazi.

"Nyumbani kuna mtu amewahi kuugua kifua kikuu?"

"Hapana," alisema Mzee Ignasi.

"Hata zamani?"

"Hapana."

Nesi alishusha pumzi. "Mmechelewa, mzee wangu. Mapafu yote mawili. Mngekuja miezi mitatu nyuma... Dawa ni bure siku hizi. Miezi sita mtu amepona, anaendelea na kazi zake."

"Sita?" Lilimtoka kabla hajalizuia. "Si kumi na minane?"

Kalamu ilisimama. "Hiyo ilikuwa enzi za sindano. Umeijulia wapi?"

Tarsis alikuwa amelala hatua moja kutoka pale, bomba la hewa puani. Aligeuza macho, kichwa hakuweza, akamtazama baba yake. Alimtazama muda wote ambao nesi alichukua kumaliza kuandika na kuondoka, na macho yale hayakuwa na hasira. Yalikuwa ya mtu anayejumlisha vitu vidogo vya miaka mingi, akiona sasa vinakwenda sawa.

"Baba," alisema. Kisha akafumba macho akapumzika, kwa maana neno moja tu lilikuwa limemchosha.

Aliishi siku tisa. Mzee alikaa kwenye benchi la nje, akamaliza mkono, akamaliza kofia. Wapita njia walimtazama babu anayefuma kwenye joto lile wakadhani amechanganyikiwa.

Ndugu wa Songea wanaokaa Temeke walileta suti kwa ajili ya maiti. Mzee alisema hapana. Wakanong'ona, wakamwacha, maana mfiwa hakatazwi kitu. Aliingia chumba cha maiti na Ridhiwani, wakamwinua Tarsis, mmoja kichwani mmoja mgongoni, wakamvisha. Mabega yalikaa mahali pake. Mikono ilifika vifundoni. Misuko minne ilipanda kifuani wima bila kulegea popote, na kofia ikamzunguka uso bila kuvuka paji. Mzee alipitisha kiganja kiunoni kutafuta upwayo, kwa mazoea. Haukuwepo. Sweta lilikuwa limemkaa sawasawa.

Siku ya tatu ya matanga watu walikuwa wamekaa kwenye mikeka barazani na ukumbini. Walikuwa wachache. Wa ghorofani walipita na mifuko yao wakaomba radhi wapishwe njia. Ridhiwani alikuja kukaa karibu na mzee, akawa anazungushazungusha kofia yake mkononi.

"Mzee, najua si mahali pake. Lile sweta la marehemu... nakuomba na mimi unifumie. Uzi nitatafuta mwenyewe. Kule ndani kunaniua."

Akageuka pembeni akakohoa kwenye kiwiko. Kilitoka chini, kwenye sakafu ya kifua, na nyuma yake ukaja ule ukimya.

"Sikufumii," alisema Mzee Ignasi.

Alisema kwa sauti, na watu wakageuka. Bi Kuruthumu, aliyekuwa anagawa kahawa, alisimama na birika.

"Sikufumii, Ridhiwani. Sweta haliponyi kitu. Mimi niliugua kifua kikuu. Sikuwa kwenye mkonge miaka ile, nilikuwa hospitali, miezi kumi na minane, na huko ndiko nilikojifunza kufuma, siyo kwa masista. Kikohozi cha mwanangu nilikitambua tangu Kwaresima. Nikanyamaza. Nesi akaniuliza, nikakana." Akamgeukia Ridhiwani. "Hicho ulichokohoa ndicho kile kile. Kesho saa kumi na mbili uje hapa. Nitakupeleka. Nitakaa na wewe mpaka wakupime, na wakiniuliza safari hii nitasema."

"Na kazi je, mzee?"

"Tarsis naye alisema kazi."

Hakuna aliyesema pole. Mzee mmoja wa Temeke alijivuta nyuma kidogo, kama anayenyoosha mguu, na mkeka ukabaki wazi kati yake na mfiwa. Ridhiwani alivaa kofia yake, akaaga, akaondoka bila kusema atakuja au hatakuja.

"Miaka hamsini, Baba Tarsis," alisema Bi Kuruthumu polepole. Akaendelea kugawa kahawa.

Asubuhi mzee alitoka uani kabla hakujapambazuka vizuri. Vikombe vya msiba vilikuwa vimeoshwa na kupangwa kwenye sinia. Kimoja, chake, kilikuwa dirishani peke yake, kimefunikwa. Hakuuliza ni mkono wa nani. Alikichukua, akakisuuza, akamimina chai, akakaa barazani akanywa.

Saa kumi na mbili ikagonga. Na robo ikapita. Mikokoteni ilianza kushuka, spika ya kwanza ikaanza kupiga kelele, ghorofa ikateremsha watu wake. Mzee alikuwa amevaa viatu vyote viwili. Saa kumi na mbili na nusu alisikia kikohozi kikija kutoka upande wa Msimbazi, kizito, kikisimama na kuanza tena, kinazidi kukaribia, muda mrefu kabla ya hodi.